Karakana ya Wasomaji: Rangi Inapoota Ndevu Chini ya Stika

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote kandokando ya ziwa, na zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ni kitu gani kibandikwe juu ya ubao uliochongwa ili rangi ya maandishi isitambae mahali isipotakiwa. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake alieleza kazi yake kwa makini kiasi kwamba hata mtu aliye mbali anaweza kuona kosa lilipo; tatu zilizobaki ni fupi, na majibu yake yanaegemea jibu hilo la kwanza.

Swali

Shikamoo Mzee wa Karakana. Mimi ni seremala hapa Nyakato, Mwanza, na kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikichonga vibao vya maandishi kwa ruta ya mkono, ile mashine yenye kisu kinachozunguka. Hivi karibuni nilipata kazi ya kibao cha nyumba ya wageni iliyo upande wa Capri Point, chenye maneno KARIBU UFUKWENI, kwenye ubao mmoja wa paini wenye urefu wa mita moja na nusu. Niliupiga msasa, nikaufunika wote kwa tepu ya karatasi, mkanda kando ya mkanda, kisha nikachonga herufi juu ya tepu hiyo kwa biti (kisu cha ruta) iliyonyooka, kina cha milimita 6. Baada ya hapo nilipuliza rangi ya mafuta ya bluu. Nilipobandua tepu nilikuta kingo za herufi zimeota ndevu za bluu. La kushangaza ni kwamba mistari ya kulala ya E na F ilikuwa safi, lakini herufi I pamoja na miguu ya K na N ilivuja pande zote mbili. Mwenzangu mmoja anasema tepu niliyouziwa ni feki, nitumie stika ya wachora mabango. Mwingine anasema niagize filamu maalumu kutoka Dar es Salaam. Ninunue ipi? Na kibao hiki kinaweza kuokolewa?

Fundi wa Nyakato

Jibu

Marahaba, fundi, na asante kwa kutaja habari ya E na I, maana ndiyo iliyofumbua fumbo lote.

Ubao wako ni mrefu, kwa hiyo nyuzi zake zinalala kutoka kushoto kwenda kulia. Mistari ya kulala ya E na F ina kingo zinazokwenda sambamba na nyuzi hizo, ilhali kingo za I na miguu ya K na N zinazikatiza. Mbao ni kama tita la mirija midogo iliyofungwa pamoja: biti ikipita sambamba na mirija, ukuta wa herufi unabaki umefungwa; ikipita kwa kuikingama, inafungua midomo ya mirija mingi kwa mkupuo mmoja, na rangi iliyolainishwa kwa tapentaini inafyonzwa humo kama chai inavyofyonzwa na andazi. Rangi yako, basi, iliingia kwenye ukuta wa herufi, ikasafiri ndani ya mbao yenyewe milimita mbili tatu, ikachomoza juu, chini ya tepu ambayo yumkini ilikuwa imeshika vizuri. Hata ungebandika stika ya bei kubwa kuliko zote zilizoko mjini, I yako ingeota ndevu zilezile.

Paini inalizidisha tatizo hili kuliko mbao zetu nyingine. Kila pete ya mti huo ina ukanda mweupe ulio laini na ukanda mwekundu ulio mgumu. Ule laini hunywa rangi kwa pupa, na msasa nao huula haraka kuliko mwenziwe, ukiacha vijibonde ambavyo jicho halivioni lakini kidole kinavihisi. Tepu hulala juu ya matuta na kuacha mifereji wazi chini yake. Kwa hiyo nakubali kwamba sehemu ndogo ya ndevu zako huenda ilipita kwenye mifereji hiyo. Lakini tepu kuwa feki au halali si jambo la kulikosea usingizi.

Isitoshe, tepu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya mbao hata kidogo. Ilitengenezwa mwaka 1925 na Richard Drew wa kampuni ya 3M nchini Marekani, baada ya kuwaona wapaka rangi wa magari wakihangaika kutenganisha rangi mbili kwenye bodi moja la gari. Ilikusudiwa bati laini lililokwisha kupakwa rangi, yaani kitu kisicho na mirija wala vijibonde. Tukitaka itufanyie kazi kwenye ubao, ni lazima kwanza tuufanye uso wa ubao ufanane na bati hilo, na hapo ndipo kazi yako ilipokosa hatua.

Hatua hiyo ni kuuziba uso wa ubao kabla ya kubandika chochote. Kwa kibao kitakachokaa nje, kandokando ya ziwa, juani na mvuani, sikushauri sanding sila, yaani kizibo cha mbao, ya kawaida ya mafundi wa samani, kwa kuwa hupasuka ikipigwa na jua na vanishi iliyo juu yake hung'oka nayo. Tumia vanishi ya nje: mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uulainishe kwa tapentaini kiasi cha sehemu moja kwa kumi ili unywewe vizuri, na mkono wa pili uupake mzito kama ulivyo koponi. Kama uso wa ubao utakuwa na rangi badala ya kuonyesha mbao, basi andakoti (rangi ya chini) na rangi ya mafuta yenyewe ndiyo kizibo chako. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa namba 240, kisha 320 kwa wepesi, na ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu gundi ya tepu hushika vumbi kabla ya kushika vanishi.

Baada ya hapo subiri. Vanishi ya mafuta ikikauka kiasi cha kutogandia kidole bado ni laini ndani, na ukiibandika stika saa hiyo itachukua alama, au itang'oka nayo utakapobandua. Siku mbili au tatu zinatosha wakati wa kiangazi. Wakati wa masika, hewa ya Mwanza inapokuwa nzito, mimi huongeza hata mara mbili ya hapo. Kipimo changu ni ukucha: bonyeza kwenye pembe isiyoonekana, na ikiwa alama inabaki, siku hazijatimia.

Sasa ndipo swali lako la ununue ipi lina mahali pa kukaa. Tepu ya karatasi unayoijua ina mambo mawili mabaya kwa kazi ya ruta. Kwanza, karatasi yake yenye mikunjo huraruka biti inapopita, ikaacha manyoya ukingoni, na kila unyoya ni utambi wa kuvuta rangi. Pili, na hili anayetumia ruta ya mkono analijua kuliko mwenye mashine inayoongozwa na kompyuta, kitako cha ruta huteleza juu ya hiyo tepu, na kila mahali mkanda mmoja unapolalia mwingine pana ngazi ndogo ambayo kitako hukwama au kuinuka. Herufi inatoka na kina kisicho sawa. Tepu ya bluu ya wapaka nyumba ina gundi pole, na baadhi huandikwa kwamba zinaweza kukaa siku 14 bila kuacha gundi, jambo ambalo ni jema, lakini ugonjwa wa kuraruka na wa ngazi ni uleule. Tepu ibaki kwenye kufunika pembe na kushikilia magazeti wakati wa kupuliza rangi.

Nailoni yenye gundi ambayo wazazi hufunikia madaftari ya watoto ni rahisi na ni pana, na nimeona kazi safi iliyofanywa nayo. Shida yake ni kwamba ni nyembamba na huvutika. Biti isipokuwa kali huivuta badala ya kuikata, na ukiibandika siku ya joto hupanuka, ikajikunja jioni kukipoa. Itumie kwa herufi kubwa tu, zisizo na pembe nyingi.

Stika ya wachora mabango ndiyo ningekushauri uanze nayo, hasa kwa kuwa maduka ya mabango hubaki na vipande ambavyo kwao ni takataka na kwako ni ubao mzima. Ni pana, ni laini juu, ruta inateleza, na biti inaikata kwa ukingo safi. Ila uliza swali moja kabla ya kuibeba: gundi yake ni ya kudumu au ya kubanduka? Ile ya kudumu imekusudiwa kukaa miaka kwenye kioo au bati. Ukiiweka juu ya vanishi iliyokauka sawasawa na kuibandua siku hiyohiyo au kesho yake, kwa kawaida hutoka. Ukiisahau wiki nzima, itakudai vanishi yako. Ile ya kubanduka ina gundi nyepesi na inakupa nafasi ya kukawia, lakini haitashika kabisa kwenye mbao ambayo haijazibwa.

Filamu maalumu anayoitaja mwenzako wa pili ni kitu cha kweli. Zipo zinazotengenezwa kwa ajili ya kuzuia rangi tu. Mojawapo, inayojulikana sana kwa wenye mashine za kuchonga, ni Oramask 813, filamu ya bluu inayopenyeza mwanga, yenye unene wa mikroni 80 na gundi ya kubanduka. Uzuri wa kupenyeza mwanga ni kwamba mapovu ya hewa yanaonekana kabla hayajageuka mianya ya rangi. Ukipata kazi nyingi za vibao vinavyofanana, roli moja italipa. Kwa kibao kimoja cha nyumba ya wageni, sioni sababu ya kuagiza mzigo kutoka Dar es Salaam, hasa ukizingatia kwamba bila kile kizibo cha chini nayo ingekuaibisha vilevile.

Vyovyote utakavyochagua, fanya jaribio kwenye kipande kilichokatwa kwenye ubao uleule na kuzibwa siku ileile. Bandika, kandamiza kwa kadi ngumu ya plastiki kuanzia katikati kwenda nje, chonga mstari mmoja unaofuata nyuzi na mwingine unaozikata, paka, bandua. Ule unaozikata nyuzi ndio shahidi wako.

Kuhusu biti: iwe kali, na ikiwa ni ya msokoto, iwe ile inayosukuma chini, kwa maana inayovuta juu huinua ukingo wa stika kila inapozunguka. Gundi itajikusanya kwenye makali. Ifute kwa tapentaini kila baada ya herufi chache. Vumbi la ndani ya herufi lifagie kwa brashi au livute kwa mashine. Usilipulize kwa kompresa, ingawa najua mkono unavutwa kufanya hivyo, kwa sababu upepo huo huingia chini ya kingo na kuzifungua. Ndani ya O, A, B na R kuna vijisiwa vya stika; vikandamize tena kwa kidole kimoja kimoja baada ya kuchonga, maana vidogo huondoka bila kuaga.

Kisha inakuja hatua ambayo mafundi wengi huiruka, na ambayo kwangu ina thamani kuliko stika yenyewe. Kabla ya rangi ya bluu, paka vanishi ileile, nyembamba, ndani ya herufi na juu ya kingo za stika, uiache ikauke. Kuta ulizozifungua kwa biti zina mirija mipya ambayo kizibo cha kwanza hakikuifikia. Vanishi hiyo itaingia humo na kuiziba. Na kama kuna mwanya chini ya stika, vanishi ndiyo itakayovuja kwanza na kuujaza, na kwa kuwa haina rangi, hakuna atakayeiona. Rangi ya bluu ikija baadaye inakuta milango imefungwa. Kama uso wa ubao una rangi, tumia rangi hiyohiyo ya uso badala ya vanishi: ikivuja, imevujia kwao.

Bluu nayo iende kwa mikono miwili au mitatu myembamba. Ukipuliza, elekeza bomba kutoka juu moja kwa moja, wala usiinamishe kiasi cha kusukuma rangi chini ya ukingo. Puliza asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Kuanzia adhuhuri utaletewa vumbi la barabara yote. Na tazama kalenda ya mwezi: siku za mwezi mwandamo ndipo wale wadudu wadogo wa ziwani hupaa kama nguzo za moshi, na mimi nimewahi kukabidhi kibao cheupe kilichoonekana kama kimenyunyiziwa pilipili manga. Usichanganye pia aina za rangi: ile ya magari inayolainishwa kwa thina kali, ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta, huikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na thina hiyo huyeyusha gundi ya stika.

Bandua rangi ikiwa imekauka juu lakini bado haijawa ngumu, kwa rangi ya mafuta ni baada ya saa kadhaa za siku hiyohiyo. Ikunje stika nyuma juu ya mgongo wake yenyewe na uivute taratibu, ukiwa umeiinamisha. Ukiivuta kwenda juu, huinua ukingo wa rangi. Ukichelewa hadi rangi ikawa ngumu, pitisha wembe mpya ukingoni kwanza.

Sasa kibao chako. Kinaokoka, na hapa umebahatika kwa kutumia biti iliyonyooka. Kuta zako zimesimama wima, kwa hiyo ukiranda uso wa ubao milimita moja au mbili mpaka ndevu zitoweke, herufi zitabaki na upana uleule, na kina kitakuwa milimita 4 au 5, ambacho kinatosha. Ungekuwa umetumia biti ya umbo la V yenye pembe ya nyuzi 90, kila milimita moja ya randa ingekupunguzia upana wa mstari kwa milimita mbili, na herufi nyembamba zingekaribia kufutika. Ukimaliza kuranda, piga vanishi mikono mitatu kibao kizima, mbele, nyuma na hasa kwenye vichwa vya ubao.

Na kwa kuwa umeona randa inavyofanya kazi, nikuambie jambo ambalo muuza stika hatakuambia: kwa herufi zilizonyooka na zenye kina, unaweza kufanya kazi yote bila kubandika kitu. Ziba ubao, chonga, ziba tena ndani, paka rangi herufi bila kujali inamwagikia wapi, kisha randa au piga msasa uso mpaka mbao safi itokeze. Au, ikiwa uso ndio wenye rangi na herufi ni nyembamba, paka herufi kwanza, kisha pitisha juu rola ya sponji ngumu yenye rangi kidogo sana. Itavuka mashimo bila kutumbukia. Mimi vibao vyangu vingi ndivyo ninavyovifanya, na stika naiweka akiba kwa maandishi madogo na kwa umbo la V.

Swali

Ndugu Mhariri, ninachonga picha za samaki na mitumbwi zinazochomoza kwenye mbao za mvule na mninga, kwa ajili ya kuta za ndani za hoteli. Nataka samaki abaki na rangi ya mbao na maji yanayomzunguka yawe na rangi. Stika haikubali kulala juu ya mgongo wa samaki. Je, kuna kitu cha majimaji cha kupaka, kikakauka, kikabanduliwa?

Mchongaji wa Nansio, Ukerewe

Jibu

Kipo, dada, au kaka, maana hukutuambia. Ni maji ya mpira yanayokauka na kuwa ngozi nyembamba, ukayavuta kwa vidole baada ya rangi. Yana harufu kali ya amonia na yanahitaji kupakwa mazito ili yatoke kwa kipande kimoja badala ya vipande mia. Ila yakipakwa kwenye mbao isiyozibwa, nayo huingia kwenye vitundu, na mninga una vitundu vikubwa vinavyoonekana kwa macho. Utakaa siku nzima ukiyachokoa kwa sindano. Gundi nyeupe ya mbao isikudanganye kwa sababu inafanana na maji ya mpira. Hiyo ukishaipaka umeipaka.

Kwa kufunika mwili mzima wa samaki wakati wa kupuliza, kuna njia ya udongo wa kuchezea watoto, ule wenye mafuta usiokauka: unauviringisha kama kamba, unauzungushia ukingo wa samaki, kisha katikati unaweka gazeti. Unafuata kila pindo, unaondoka bila kuacha gundi, na unatumika tena na tena. Mafuta yake yataacha doa kwenye mbao tupu, kwa hiyo tunarudi kulekule, uzibe kwanza.

Lakini kwa uchongaji wa aina yako, nitasema wazi kwamba sipendi kufunika kabisa. Kizibo chenyewe kiwe kifuniko. Chukua shelaki, ile polishi ya magamba ya rangi ya asali inayoyeyushwa kwa spiriti, upake mikono miwili au mitatu myepesi juu ya kazi yote, mpaka vitundu vijae na uso ung'ae kidogo. Kisha paka sehemu ya maji yanayomzunguka samaki kwa rangi ya mafuta na brashi ndogo, ukimkaribia samaki kadiri mkono wako unavyoweza. Pale unapomvukia, chukua kitambaa kilichochovywa kwenye tapentaini, ukisokote kwenye ncha ya kijiti, ufute. Tapentaini huyeyusha rangi ya mafuta lakini haiigusi shelaki, kwa sababu shelaki inataka spiriti. Hivyo kosa linafutika kana kwamba umeandika kwenye kioo. Ndani ya nyumba shelaki itadumu vizuri. Kwa kazi ya nje nisingeiamini, maana maji huigeuza nyeupe.

Shelaki itakusaidia pia kwa jambo ambalo hukuliuliza. Mvule una vitu vya asili ndani yake ambavyo huchelewesha kukauka kwa rangi na vanishi za mafuta, na wachongaji wengi humlaumu muuza rangi bila kosa. Futa mbao kwa thina kabla ya kuziba, acha ikauke, halafu shelaki ikae katikati ya mvule na rangi kama ukuta. Na ukiwa unachonga mvule, jihadhari na vile vijiwe vyeupe ambavyo mti huo huvificha ndani. Patasi iliyovunjika meno inakwangua ukingo, na ukingo uliokwanguliwa huvuja hata ukiuziba mara tatu.

Swali

Je, nikitumia MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, badala ya mbao, si nitaepuka matatizo haya ya nyuzi?

Msomaji wa Sengerema

Jibu

Utaepuka ya nyuzi na kupata mengine. MDF haina mkondo wa nyuzi, kwa hiyo uso wake hushika stika vizuri na herufi zako zote zitafanana. Lakini ukishapita na biti, umeondoa ule uso uliokandamizwa, na kuta za herufi ni unga ulioshikanishwa, unaokunywa rangi kama sponji na kuvimba ukinusa maji. Zipake kizibo mara mbili au tatu ndani ya herufi, ukipiga msasa kati yake, wala usitumie rangi ya maji kwa mkono wa kwanza. Na MDF ya kawaida ikae ndani ya nyumba. Upande wa ziwa haitamaliza masika mawili.

Swali

Nilichonga jina kwenye ubao wa kubandika kwenye mtumbwi wa mjomba, nikafunika kwa tepu ya karatasi, nikaupaka rangi Ijumaa na kuuacha ufukweni ukauke. Jumatatu tepu imeng'oka karatasi tu, gundi yote imebaki juu ya rangi nyeupe ya chini. Nimejaribu kukwangua kwa kisu nimeharibu. Nifanyeje?

Kijana wa Musoma

Jibu

Kisu kiweke chini kwanza. Gundi ya tepu ya kawaida ni ya jamii ya mpira, na jua la siku tatu limeioka. Karatasi huachia, gundi haiachii. Paka mafuta ya kupikia juu yake, uache dakika kumi na tano au zaidi kivulini, kisha sugua kwa kitambaa kikavu kwa mwendo wa duara. Inayobaki ifute kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa, ukianza na pembe moja ili uone kama rangi yako ya chini inavumilia. Ikiwa kitambaa kinachukua weupe, rudi kwenye mafuta ya kupikia na uwe mvumilivu. Usitumie thina wala petroli, vitaondoka na gundi na rangi pamoja, na petroli karibu na jiko la dagaa ni hatari ambayo haihitaji maelezo.

Baada ya hapo osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza, na uache ukauke kabisa, kwa maana rangi haishiki juu ya mafuta ya aina yoyote. Pale ulipokwangua kwa kisu pitisha msasa namba 240, upake rangi nyeupe mikono miwili. Safari nyingine tepu hiyo ibanduliwe siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama, na ubao ukaukie kivulini. Kwa jina la mtumbwi, ambalo litapigwa na maji kila siku, funika yote kwa vanishi ya nje mbele na nyuma, pamoja na ndani ya matundu ya misumari, kabla mjomba hajaupigilia.